Shuka za Osta Bei

Nilipomaliza darasa la saba kazi yangu ya kwanza ilikuwa hotelini. Nikisema hivyo wapo wanaodhani nilivaa kofia nyeupe. Hoteli yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko la Kasulu, meza chache, mabenchi yanayoyumba, birika la chai lisiloshuka jikoni, na maandazi ya mama mwenye hoteli. Huyu mama alikuwa Mwislamu wa Tanga aliyeolewa na mfanyabiashara wa Ujiji, mume akamleta kwenye baridi yetu, na tangu afike sidhani kama aliwahi kuvua sweta. Kwetu hoteli ni pa kula. Ukitaka kulala unakwenda kwa ndugu, na kama huna ndugu, sasa mji huo umeufuata kwa nini?

Ndiyo maana siku nilipoanza kuulizia hoteli ya kulala Dar es Salaam, tena ya uzunguni, tena yenye bafu ndani kwa ndani, wateja walicheka mpaka chai ikawapalia.

"Meneja anahama!" alisema dereva mmoja wa Landrova ya serikali, mteja wetu wa kila asubuhi. Meneja ndiye mimi, mwosha vikombe. "Sasa utatuachia nani?"

"Nitawaletea sabuni ya huko, ile yenye harufu nzuri," nikamjibu. "Mwogee, maana mnaihitaji."

Wakacheka tena. Mimi napenda watu wacheke. Hata nikiwa na jambo zito naliingiza kwa mlango huo huo. Sikuwaambia naulizia kwa ajili ya nani.

Ilikuwa kwa ajili ya dada yangu.

Dada alinitangulia kuzaliwa, lakini shule aliniachia mimi, yeye akabaki na mama shambani. Aliolewa Kibondo. Niliona anavyopandishwa kwenye lori la mazao, amefunikwa kanga mpya mpaka machoni, analia kama inavyotakiwa, na chini ya ile kanga akanibinya mkono kunijulisha kwamba halii kweli. Mwaka uliofuata akapata uchungu wa mtoto wa kwanza. Ulikuwa msimu wa mvua, na kijiji cha mume wake kiko mbali na hospitali. Mtoto alikwama. Walipomfikisha Kibondo mjini juu ya machela, mtoto alikuwa ameshakwisha, wakamtoa hivyo hivyo. Dada akabaki hai. Ila tangu siku ile mkojo ukawa unatoka wenyewe, bila kuitwa, akiwa amekaa, akiwa amesimama, akiwa anasali.

Mume wake hakuwa mtu mbaya, nataka niliseme hilo. Alimrudisha mwenyewe, akambebea mzigo wake kichwani, kitu ambacho wanaume wa kwetu hawafanyi. Akakaa na mama barazani, chakula kikamshinda, akalia. Kisha akaaga, na hatukumwona tena.

Wakati huo tulikuwa tumeshahamia kijiji kipya, kwenye njia ya kwenda Kagerankanda, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Kasulu. Zamani nyumba yetu ilikuwa peke yake kilimani, katikati ya migomba yake. Mtu angeweza kuugua kule mpaka akapona, jirani asijue. Sasa nyumba zilipangwa mstari kando ya barabara, dirisha la huyu linatazama jiko la yule. Upepo ukitoka kwetu ulifika kwa jirani na habari zetu zote. Mama akamjengea dada kibanda cha nyasi nyuma kabisa, mwisho wa kiwanja. Humo alilalia majani makavu ya migomba, anayatupa asubuhi na kutandika mengine, na vitambaa vyake alivifua kijitoni kabla wanawake wengine hawajateremka kuteka maji.

Watoto wa majirani walikuwa na mchezo wao wa kupita mbele ya kibanda wameziba pua. Mmoja nilimkamata, nikampa andazi nililotoka nalo mjini, nikamwomba asirudie. Jumapili iliyofuata walikuja kundi zima, kila mmoja ameziba pua, wananitazama mkononi. Nilicheka kwanza. Halafu nikaona dada naye anawatazama kupitia kwenye nyasi.

Basi, mama alipompeleka tena hospitali ya Kibondo, wakamkuta daktari mgeni, mtu aliyehamishwa kutoka mikoa ya mbali. Huyo akawaambia neno ambalo hatukuwahi kulisikia: kwamba palichanika ndani, na panashonwa. Hapa haiwezekani, akasema, lakini Dar es Salaam wapo wanaoshona, na mtu anakauka kama zamani. Yeye angewaandikia, na nafasi ikipatikana dada angeitwa kuchukua karatasi za safari ya treni. Asishangae tu kama atafika akangoja siku kadhaa kabla ya kitanda kuwa wazi.

Mama alirudi nyumbani na neno moja mdomoni. "Anakauka," alisema, anaweka mzigo chini. "Anakauka," alisema, anapuliza moto. Mimi nilicheza peke yangu uani, nikapiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia. Dada alingoja nimalize.

"Siku za kungoja nitalala wapi?" akauliza.

"Kwa binamu yake mama. Yuko Magomeni."

"Ana chumba kimoja na watoto wamejaa. Nilalie godoro la nani?"

Mama akasogeza kuni motoni.

"Kwa mtu silali," dada akasema. Hakusema kwa ukali. "Bora nikae hapa na majani yangu. Majani hayana mwenyewe."

Hapo ndipo mdomo wangu ukasema kabla mimi sijafikiri: "Basi tutalala hoteli."

Suala la hela tuliliacha nje ya mlango, kama watu wanavyoacha malapa. Hatukuwa wajinga, tulijua liko pale pale na kwamba tukitoka tutalivaa. Lakini mle kibandani, Jumapili mchana, tukichambua maharage kwenye ungo, tulikuwa watu wawili wanaochagua hoteli, na tulichagua kwa makini kuliko matajiri, nafikiri, maana tajiri akikosea anahama.

Ya kwanza niliipata kwa yule dereva wa Landrova. Ilikuwa ghorofa refu katikati ya mji, na alisema humo hupandi ngazi.

"Kuna kichumba," nikamweleza dada. "Unaingia, mlango unajifunga, kinakupeleka juu chenyewe."

"Na watu wengine wamo?"

"Wamo."

"Mmefungiwa pamoja?"

"Kidogo tu, mpaka mfike."

Dada akachagua punje mbovu, akaitupa nje. "Hiyo hapana."

Ya pili niliipata kwa mwalimu mmoja aliyewahi kwenda kwenye semina. Hiyo ilikuwa Upanga, mtaa wa miti na nyumba za maofisa, na alichokikumbuka zaidi ni zulia, lilianzia mlangoni likaenda mpaka chini ya kitanda.

"Zulia ndiyo nini?"

"Kama blanketi, ila linatandikwa chini watu wakanyage."

Alifikiri. "Na likilowa linaanikwa wapi?"

Sikuwa nimemuuliza mwalimu jambo hilo. Nikasema labda hawalianiki, limegandishwa na sakafu. Dada akatikisa kichwa na hoteli ya Upanga ikaenda na maganda ya maharage.

Ya tatu ndiyo iliyokaa. Mama mwenye hoteli alikuwa na kaka yake aliyefanya kazi kwenye hoteli moja ya Osta Bei, kule uzunguni kabisa, ambako bahari iko upande mmoja wa barabara na bustani upande mwingine, na mbwa, alisema, wanakula nyama kuliko sisi. Siku hiyo alikuwa anasukuma maandazi, mimi nakaanga. Nikamwuliza kila kitu. Vyumba vyake havipandi juu, alisema, viko chini vimetawanyika bustanini, kila kimoja na mlango wake. Sakafu ni ya vigae. Maji ya moto yanatoka ukutani. Na shuka zinabadilishwa kila asubuhi, ziwe chafu zisiwe chafu.

"Kila asubuhi?" nikasema. "Kwani wanalalia nini hao?"

"Ndiyo raha yenyewe hiyo, mwanangu."

Jumapili nikampelekea dada habari hizo zote, nikaongeza maua pale nilipoona yanapungua. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali ambalo mimi, na shule yangu, nisingeliwaza.

"Anayechukua shuka asubuhi, anauliza?"

"Anauliza nini?"

"Kwa nini imelowa."

Nikarudi mjini na swali hilo limenikaa kifuani. Nililifunga kwenye utani ili nipate kulitoa. "Mama," nikasema, "hivi kaka yako akikuta mzungu amekojoa kitandani, anamwambiaje?"

Nilitegemea acheke. Mama mwenye hoteli aliacha kusukuma unga. Alikuwa mtu wa kelele, lakini safari hii sauti yake ilishuka.

"Ni nani, mama yako?"

"Dada yangu."

Akarudi kwenye unga wake, akasukuma andazi moja likawa jembamba mno, akalikunja tena.

"Kaka yangu," akasema, "alikusanya shuka za walevi, za watoto, za wazee, za wenye homa, na wakubwa hao usingethubutu kuwasalimu barabarani. Anazikunja, anatia kwenye kapu, anatandika nyingine. Haulizi, haangalii mara mbili. Akiuliza anafukuzwa kazi siku ile ile. Kamwambie dada yako kule hawaulizi."

Mpaka siku hiyo nilidhani hoteli za kifahari ni taa na vioo. Nilitembea kwenda nyumbani nikifikiri kwamba kuna watu wanalipa fedha nyingi sana wapate kitu ambacho dada angekitaka hata kwenye kibanda cha nyasi.

Nilipomwambia, mikono yake ilisimama juu ya ungo. "Hawaulizi kabisa?"

"Wakiuliza wanafukuzwa."

"Masikini," akasema. "Asije akafukuzwa mtu kwa ajili yangu." Kisha akasema, "Basi hiyo."

Kuanzia hapo hoteli ya Osta Bei ilikuwa yetu. Alichagua chumba cha mwisho, cha pembeni kabisa, ili upepo ukitoka kwetu usipite kwa mtu. Mimi nilichagua kitanda cha dirishani. Aliuliza kama bustani ina migomba, nikasema ipo lakini ya urembo tu, haizai, akasema hao watu wana matatizo. Tulicheka sana Jumapili zile. Mama alikuwa anapita nje na kuni anasema, "Nyie mnacheka nini humo?" Na kwa kweli huko nyuma nilikuwa nimesahau kwamba dada ana meno mazuri.

Halafu wito ukaja. Mama na dada wakaenda Kibondo kuchukua karatasi; mimi nilikuwa kazini Kasulu. Niliporudi nyumbani Jumapili nimebeba sukari ya kufurahia, nikakuta mlango wa kibanda umefungwa.

"Hataki kwenda," mama akasema.

"Hataki kwa nini?"

"Muache. Hata mimi siwezi kumlazimisha."

Nilikaa nje ya mlango nikaongea na nyasi. Mwishowe dada akasema kutoka ndani, kwa Kiha, maana nyumbani tunaongea Kiha na yeye Kiswahili alikuwa nacho cha kununulia chumvi tu: "Nilienda kule nikiwa mzima, nimepakwa samli, nikarudishwa. Leo niende hivi nilivyo nikakae na wengine wanaong'aa? Wanitazame wajue wanachokwenda kukipata?"

Sikuelewa hata neno. Nikamgeukia mama. "Nani wanang'aa? Hospitali walisema nini?"

Mama akanieleza polepole. Nesi mmoja, naye si mtu wa huku, aliwasomea karatasi kwa Kiswahili cha haraka. Alisema wakifika na kitanda hakijawa wazi wasihofu, ipo nyumba jirani na hospitali, watalala humo. Mama aliyashika maneno yale kama alivyoyasikia, na njiani akampa dada kwa Kiha: watawalaza "inzu y'abageni."

Nyumba ya wageni!

Sasa kwa Kiha umugeni ni bibi harusi. Ndiye yule anayewekwa ndani siku zake za kwanza, hafanyi kazi, anapakwa samli, anafunikwa, watu wanakuja kumtazama. Mtu aliyekuja tu kukutembelea ana jina lake lingine kabisa. Na kwetu mwanamke aliyerudishwa hakai chumba kimoja na bibi harusi. Hakuna aliyekataza kwa mdomo, lakini kila mtu anajua, na wa kwanza kujua ni huyo aliyerudishwa. Njia nzima kutoka Kibondo, dada yangu alikuwa anaiona ile nyumba: safu ya maharusi wamekaa kwenye mikeka wananukia, na yeye anaingizwa mlangoni na fungu lake la vitambaa.

Nilicheka. Ndivyo nilivyoumbwa. Nilicheka mpaka nikashika tumbo, nikawaeleza nikiwa bado nacheka, kwamba mgeni kwa Kiswahili ni mtu yeyote aliyetoka mbali, hata mwanamume, hata mzee mwenye ndevu, na nyumba ile imejaa watu wa namna hiyo wenye magonjwa yao. Mama akajipiga paja. "Uwii! Mimi na Kiswahili changu cha sokoni! Nimemlaza mwanangu na maharusi!"

Mlango ukafunguka. Dada alisimama pale, macho yamevimba.

"Hata mmoja hayumo?"

"Labda awe anaumwa."

Akaanza kucheka kidogo kidogo, kama mtu anayejaribu mguu uliovunjika. Tulicheka watatu. Kisha akakaa chini, akapangusa macho, akauliza lile lililobaki.

"Kwenye nyumba hiyo nani anafua shuka?"

Nilikuwa najua. Mama mwenye hoteli alishaniambia nyumba za namna ile zikoje: shuka moja mpaka uondoke, na kabla hujaondoka mwenye nyumba anaikagua mbele yako. Haikuwa Osta Bei. Sikumdanganya. Nilisema, "Tutatandika yetu. Nitafua mimi. Akitaka kuuliza, ataniuliza mimi, na mimi unanijua."

"Kweli, wewe utamchosha," akasema. Baadaye, wakati tunakula, akasema bila kuulizwa, "Nitakwenda."

Mama mwenye hoteli alituondolea kitambaa cha plastiki kwenye meza moja, chenye maua mekundu, cha kutandika chini ya shuka. Alinipa ruhusa na sweta lake la pili. Mama alichana kanga zake mbili kuukuu zikawa vitambaa, akavifua, akavikausha, akavifunga pamoja ndani ya kanga moja nzima. Siku ya safari tulitoka usiku wa manane, ili tufike Kasulu kabla basi la Kigoma halijajaa. Dada alitembea haraka kunishinda. Alikuwa ameoga sana. Alinukia sabuni.

Basi tulilikuta. Tulipanda, tukakaa nyuma, yeye dirishani, amepakata lile fungu la vitambaa. Tatizo ni kwamba basi lilikuwa halina haraka kama sisi. Lilingoja watu. Wakaja, mmoja mmoja, na magunia, na kuku, na mafungu ya miwa, jua likapanda, dereva akaenda kunywa chai, akarudi, akaenda tena. Dada alishuka mara mbili kwenda nyuma ya soko kubadilisha. Mara ya tatu njia ilikuwa imezibwa na magunia na watu wamesimama, hakuna pa kupita. Akabaki amekaa, ananitazama. Vitambaa vya kwenda mpaka Kigoma vilikuwa vinaisha na gurudumu halijazunguka.

Nyuma yetu alikaa mwanamke mtu mzima mwenye gunia dogo la unga miguuni. Aliinama mbele akamgusa dada begani, kwa upole kabisa.

"Mama mtoto, samahani. Mtoto amekojoa, naona inateremka huku kwenye unga wangu."

Lile fungu, kwa namna alivyolipakata na kulifunika, lilikuwa mtoto kweli. Dada hakugeuka.

"Nisamehe, mama," akasema kwa Kiha. "Amekojoa."

"Hakuna neno, ndio watoto." Yule mama naye akahamia Kiha, anavuta gunia lake pembeni. "Wa kiume?"

"Wa kiume."

Yule mtoto aliyempoteza alikuwa wa kiume. Nyumbani hatukuwahi kulitamka hilo tangu arudi, na mimi nilikuwa sijui.

"Mungu akukuzie," alisema yule mama.

Ndipo utingo akaja, anakanyaga magunia, anapanga mizigo, anapiga kelele. Akafika kwetu. "Wewe dada, leta hilo furushi niweke juu, watu wapate nafasi."

"Mwache, ni mtoto huyo!" akasema yule mama wa nyuma.

"Mtoto gani hapumui?" Utingo akacheka, akashika ncha ya kanga, akavuta. Fundo likafunguka. Vitambaa vikamwagika mapajani kwa dada, vikavu na vilivyolowa, na harufu ikapanda kwenye lile joto.

Watu wakageuka. Kisha sauti moja ya mwanamume kutoka mbele ikasema, "Kumbe mtoto ni mama mwenyewe!"

Basi zima likacheka. Si wote, nimewaza sana baadaye. Yule mama mwenye unga hakucheka, aliweka mkono mdomoni. Mimi nilifungua mdomo nimjibu yule mtu. Nimejibu watu maisha yangu yote, nimejibu madereva na walimu na askari. Halikuja neno.

Dada akakusanya kitambaa kimoja kimoja. Akafunga fundo upya, vizuri, kama mtu aliye peke yake nyumbani. "Tushuke," akasema.

"Dada, tukae. Watanyamaza tu. Ni mpaka Kigoma."

"Na treni?"

Siku mbili, usiku na mchana, ndani ya behewa, watu wamebanana kuliko hapa. Tulikuwa tumechagua kitanda, na bafu, na shuka, na mpaka chumba gani upepo wake utaelekea wapi. Kiti hatukukifikiria hata siku moja. Si mimi, si mama, si daktari.

Alipita juu ya magunia, watu wakajibana kumpisha zaidi ya ilivyohitajika. Nikamfuata. Basi liliondoka muda si mrefu baadaye, nafasi zetu zikiwa zimeshapata watu.

Njia ya kurudi alitaka nitangulie. Nilikataa, nikatembea kando yake, yeye akahamia upande ule ambao upepo unatoka kwangu kwenda kwake. Mama alituona tunakuja kwa mbali, akaacha jembe. Hakuuliza neno lolote. Alikwenda kuinjika maji ya moto, tena sufuria kubwa, akamwogesha dada mwenyewe nyuma ya nyumba kama mtoto.

Wiki ile mvua za masika zikashuka na barabara ikaharibika. Ilipopitika, mama alikwenda tena Kibondo kuomba nafasi nyingine. Aliambiwa kitanda hakikai kitupu. Alipewa mwanamke mwingine mwenye shida hiyo hiyo. Jina la dada wameliweka, wataita. Hawajaita, na sijui kama wakiita atakwenda. Mimi bado nawaza namna: nimewaza lori la mizigo ambako mtu anakaa nje kwenye upepo, nimewaza mambo mengi. Huwa namweleza. Ananisikiliza kwa adabu.

Ila jioni ile mama aliporudi na majibu, dada hakusikitika kama nilivyoogopa. Alitaka kujua habari za yule mwingine.

"Ni wa wapi?"

"Hawakusema," mama akajibu.

"Labda ni wa karibu," dada akasema. "Labda alifika kwa miguu." Akanigeukia mimi, maana mimi ndiye mjuzi wa Dar es Salaam. "Unadhani ameshakauka?"

"Ameshakauka," nikasema upesi. "Saa hizi amelala."

"Vizuri," akasema. "Huenda naye alingoja sana."